JIBU LA MTOTO WA MFANYA KAZI



Mwezi uliopita mama mmoja, mwanachama mwenzetu, alifika ofisini kuuliza habari ya posho yake ya zamu ya usiku. Yeye ni mfagizi katika hoteli. Huingia kazini saa moja ya jioni na kutoka saa moja ya asubuhi. Alipokwisha kueleza shauri lake, alitoa mkobani karatasi mbili zilizokunjwa, akaziweka juu ya meza, akasema, "Ndugu Katibu, na hili nalo ni shauri, ila sijui kama ni la chama."

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mtihani wa katikati ya muhula, somo la Maarifa ya Jamii, wa mtoto wake aliye Gredi ya 5. Maswali yameandikwa kwa Kiingereza, nasi twayaeleza hapa kwa Kiswahili. Swali moja lilisema: Katika familia, ni nani anayetafuta riziki ya nyumba? Majibu yalikuwa manne: baba, mama, watoto, nyanya. Mtoto alichagua mama. Kalamu nyekundu ikapita juu yake, kosa.

Karatasi ya pili ilikuwa ya mwisho wa muhula. Swali lilelile lilirudi. Safari hii mtoto alichagua baba, akapata vema. Baba yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka miwili.

Mama huyu hakuja kudai alama moja iliyopotea. Alituuliza neno moja tu: "Sasa mimi nimwambie nini?"

Sisi twaona shauri hili ni la chama. Mtoto aliyejifunza kwamba ili apate vema ni lazima aifiche kazi ya mama yake, ameanza mapema kujifunza jambo ambalo sisi tumepigana nalo miaka mingi, yaani kwamba kazi yetu haihesabiwi. Kwa hiyo tumeona yafaa leo tuseme juu ya mitihani wanayopewa watoto wetu wa shule ya msingi kuhusu familia, utamaduni, dini na kazi.

Twasema wazi tangu mwanzo kwamba hatumlaumu mwalimu. Mwalimu ni mfanya kazi mwenzetu, na chama cha walimu cha KNUT kiko katika safu ya vyama vya nchi hii tangu mwaka 1957. Karatasi ile hakuitunga yeye. Ilinunuliwa kwa mtu anayechapa mitihani na kuiuza mashuleni pamoja na karatasi ya majibu, na fedha za kuinunua zilitoka kwa wazazi. Mwalimu mwenye watoto sitini darasani hana nafasi ya kumwita kila mmoja na kumwuliza kwa nini amejibu hivi au vile. Hufuata karatasi ya majibu, kwa maana kesho ana vitabu vingine sitini vya kusahihisha.

Wala hatuvilaumu vitabu. Vitabu vya Maarifa ya Jamii havisemi kwamba familia ni za namna moja. Vyaeleza familia ya baba, mama na watoto. Vyaeleza familia ya mzazi mmoja. Vyaeleza na familia kubwa yenye mababu, mashangazi na wajomba. Mtoto yule alikuwa amekwisha kusoma hayo. Kitabu kilimweleza kweli, naye akaijibu kweli hiyo, kisha mtihani ukamwambia amekosa. Basi kosa liko wapi? Liko katika namna ya kuuliza.

Yafaa tukumbuke namna hii ya kuuliza imetoka wapi. Zamani za ukoloni shule zilitengwa kwa rangi. Taarifa ya kamati ya Beecher ya mwaka 1949 iliwapangia Waafrika miaka minne ya shule ya msingi, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari. Penye kila mlango paliwekwa mtihani, na watoto wengi sana hawakuupita hata mlango wa kwanza. Baada ya Uhuru tume ya Profesa Ominde ilitoa sehemu ya kwanza ya taarifa yake mwaka 1964, ikataka shule zijenge taifa moja. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache, na kwa hiyo chujio halikuondoka. Mtihani wa CPE ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu, na karatasi moja ya mambo mengine. Mwaka 1985 ulianza mtihani wa KCPE. Katika miaka yake ya mwisho karatasi ya Maarifa ya Jamii na Dini ilikuwa na maswali 90, yaani 60 ya jamii na 30 ya dini, na kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua. Mashine ndiyo iliyosahihisha.

Chujio lina kazi yake. Penye watoto wengi na viti vichache, lazima ipatikane njia ya haraka ya kuwapanga, wa kwanza mpaka wa mwisho. Swali lenye jibu moja lafaa kwa kazi hiyo. Ukiuliza saba mara nane ni ngapi, jibu ni moja mjini na mashambani, kwa tajiri na kwa maskini. Lakini ukiuliza ni nani anayelisha nyumba, majibu ni mengi kama nyumba zilivyo nyingi. Huku ni mama, kule ni baba, kwingine ni nyanya mwenye kibanda cha mboga, kwingine ni kaka mkubwa aendeshaye bodaboda. Mashine haiwezi kumwuliza mtoto, "Kwenu mambo yako namna gani?" Basi kila nyumba ikalazimishwa ifanane na nyumba ile iliyo katika karatasi ya majibu.

Sasa mambo yamebadilika. Mtaala wa Umilisi ulianza katika madarasa ya chini mwaka 2019. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Watoto wa Gredi ya 6 hufanya tathmini iitwayo KPSEA, na ya kwanza ilifanywa mwaka 2022. Tathmini hiyo haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 7. Tena kwa mpango uliotangazwa, asilimia 60 ya alama za shule ya msingi ilipasa kutoka katika kazi anazozifanya mtoto shuleni tangu Gredi ya 4 mpaka ya 6, na asilimia 40 tu katika karatasi ya mwisho. Hatusemi kwamba alama hizo hazina uzito, kwa maana alama za Gredi ya 6 huchukuliwa mbele na kuwa asilimia 20 ya hesabu ya Gredi ya 9. Lakini mlango wenyewe u wazi. Mtoto hafukuzwi kwa sababu amekosa swali moja la familia.

Twauliza basi: ikiwa chujio limeondolewa mlangoni, kwa nini maswali ya chujio yamebaki? Kwa nini shule ziendelee kununua karatasi za kuchuja, na wazazi waendelee kuzilipia, hali nafasi imepatikana ya kuuliza kwa njia nyingine?

Wako watakaosema, "Chama kinajua nini juu ya mitihani? Kishughulikie mishahara." Twajibu kwamba mambo haya manne, familia, utamaduni, dini na kazi, sisi twayajua sana, kwa kuwa ndiyo tunayoishi nayo kila siku. Tutasema moja moja.

Katika habari ya familia, twaona mtoto aulizwe kazi zilizomo nyumbani na jinsi zinavyogawanywa. Ni nani anayeamka kwanza? Maji huletwa na nani? Mama akiwa zamu ya usiku, ni nani anayemlaza mdogo wako? Mzazi akiwa anafanya kazi mbali, fedha hufikaje nyumbani? Mtoto wa mchuma chai wa Kericho, mtoto wa mlinzi wa Nairobi, na mtoto wa mchukuzi wa bandari ya Mombasa watatoa majibu matatu mbalimbali, na yote matatu yaweza kuwa sawa. Mwalimu atazame kama mtoto ameeleza vizuri na kama amefahamu kwamba kazi ya nyumbani nayo ni kazi, hata kama hailipwi hata senti.

Katika habari ya utamaduni, watoto wetu hufundishwa makabila yalikotoka na njia yaliyopitia. Hayo ni maarifa, wala hatuyadharau. Lakini utamaduni hauishi katika njia za zamani peke yake. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Wakisii wana risaga. Maana yake ni kwamba watu hukutana, leo wakalima kwa huyu, kesho kwa yule. Mtoto aliyezaliwa mjini hajawahi kuona shamba likilimwa hivyo, lakini ameona watu wa ploti yao wakichangia matanga ya jirani. Aulizwe: Jirani akifiwa, watu wenu hufanya nini? Ni nani anayeshika daftari? Fedha huhesabiwa mbele ya nani? Akiweza kueleza hayo na kuonyesha yanafanana vipi na mwethya ya babu yake, mtoto huyo ameufahamu utamaduni. Tena ameanza kufahamu kwa nini watu hujiunga na chama.

Katika habari ya dini, twaenda kwa adabu, kwa kuwa wanachama wetu ni Wakristo, Waislamu, Wahindu na watu wa mila za wazee. Twajua watoto huulizwa majina ya manabii, nguzo za imani, na mpango wa ibada. Ni vema wayajue. Lakini dini hizi zina neno kubwa juu ya kazi na ujira. Torati yaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua. Waraka wa Yakobo wawaonya matajiri walioshika ujira wa wavunaji. Mtume Muhammad amepokewa kwamba aliagiza mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wahindu nao hufundishwa kwamba mtu akitimiza kazi yake kwa uaminifu bila tamaa, kazi hiyo ni ibada. Basi mtoto apewe kisa: mtu amefanya kibarua wiki nzima, na tajiri amwambia arudi mwezi ujao. Dini yako yafundisha nini hapo? Swali hilo halipimi kukumbuka peke yake. Lapima kama mtoto ameona kwamba dini yaingia hata mahali pa kazi. Nasi twajua wanachama ambao wangefurahi kama mabwana zao wangeulizwa swali hilohilo.

Katika habari ya kazi, mara nyingi mtoto huonyeshwa picha za daktari, mwalimu, polisi na mkulima, akaambiwa hao ndio wanaosaidia jamii. Ni kweli. Lakini shuka za hospitali hufuliwa na nani? Mtoto apewe pakiti ya majani ya chai, aambiwe ataje kila mkono uliopita juu yake tangu shambani mpaka dukani: mchumaji, dereva, mtu wa kiwandani, mpakiaji, mwenye duka. Halafu aulizwe kila mmoja wa hao ana haki gani. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 41, yasema kila mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki, ya mazingira mema ya kazi, ya kujiunga na chama, na ya kugoma. Ibara ya 53 yamlinda mtoto mwenyewe asitumiwe katika kazi za kumdhulumu. Mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kabisa kuyafahamu haya.

Na katika historia ya nchi asisahau wafanya kazi. Makhan Singh alianza kazi ya vyama vya wafanya kazi miaka ya 1930, akakamatwa mwaka 1950, na hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani, waliweka kazi chini kwa pamoja, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa umoja wao. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilimkamata ikampeleka mbali na Pwani. Mtoto wa mfagizi wa hoteli akijua kwamba wafagizi walikuwamo katika habari za mwaka 1947, hataona haya kutaja kazi ya mama yake.

Yako maneno mawili yanayosemwa kupinga haya, na si haki kuyapita kimya.

Neno la kwanza ni kwamba swali lenye jibu moja halina upendeleo, lakini mwalimu akipewa ruhusa ya kupima maelezo ya mtoto, aweza kumpendelea mtoto wa rafiki yake. Tena kazi za kufanyia nyumbani huwafaa wenye nacho. Twalikubali neno hili kwa nusu. Tumeona wazazi wakitoka kazini usiku na kwenda kutafuta mahali pa kuchapisha picha za rangi kwa fedha ya unga. Hayo si kupima mtoto, ni kupima mfuko wa mzazi. Lakini maswali tuliyoyataja hayahitaji picha wala karatasi ya rangi. Yahitaji mdomo na kalamu. Na juu ya upendeleo, walimu wapewe vipimo vilivyoandikwa wazi, navyo visomwe mbele ya wazazi, kila mtu ajue alama hutolewa kwa sababu gani.

Neno la pili ni zito zaidi. Mtoto akiulizwa habari za kwao, aweza kuaibika. Yuko aliyefiwa, yuko aliyeachwa, yuko ambaye baba yake yu kifungoni, yuko ambaye mzazi wake amefutwa kazi juzi. Tulilifikiri sana neno hili. Shauri letu ni kwamba mtoto asilazimishwe kamwe kusimama mbele ya darasa na kutangaza siri za nyumba yake, wala asiulizwe mshahara wa mzazi. Apewe ruhusa ya kueleza nyumba yoyote anayoijua, iwe yao au ya jirani. Lakini mtu asidhani kwamba swali la zamani lilikuwa halimwaibishi mtoto. Yule wa mwanachama wetu aliaibishwa na swali lenye majibu manne, tena akafundishwa kusema uongo.

Kwa hiyo twataka mambo manne.

Kwanza, Baraza la Mitihani na wote wanaotunga maswali waache kuuliza swali la jibu moja juu ya nani ana kazi gani katika familia. Wakitaka jibu moja, watoe kisa kamili, mtoto asome na kujibu kutokana na kisa hicho, si kutokana na nyumba asiyoijua.

Pili, shule zisinunue karatasi za mtihani kabla ya walimu wa somo kuzisoma swali kwa swali. Swali lisilofaa lifutwe kabla halijamfikia mtoto.

Tatu, vyama vya wafanya kazi na haki za mfanya kazi vipewe nafasi yake katika Maarifa ya Jamii, na watoto wapimwe juu yake kama wanavyopimwa juu ya kazi za serikali.

Nne, na hili latuhusu sisi wenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi wawakilishi katika halmashauri za shule. Ni wangapi kati yetu waliokwenda katika mkutano wa wazazi mwaka huu? Twajua zamu ni ngumu na ruhusa haipatikani kwa urahisi. Lakini tukimwachia mwenye gari peke yake kwenda mkutanoni, tusishangae nyumba yake ikiwa ndiyo jibu la mtihani. Twaziomba kamati za matawi zidai katika mapatano yajayo nusu siku ya ruhusa kwa kila muhula, yenye malipo, ili mzazi aende shuleni. Na kila mwanachama mwenye mtoto Gredi ya 4 mpaka ya 6 aombe kuziona karatasi zake, si alama tu, bali maswali yenyewe.

Sasa twarudi kwa mama yetu. Tulimwambia hivi: "Mwambie mtoto kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa sawa." Akatuuliza, "Na mwalimu akisema si sawa?" Tukamwambia aende kwa mwalimu kwa upole, si kwa ugomvi, akiwa na karatasi zote mbili mkononi, ampe habari ya nyumba yake.

Alikwenda asubuhi moja akitoka zamu, na nguo za kazi bado amevaa. Ametuletea habari kwamba mwalimu alizitazama karatasi zile kwa muda, kisha akamwita mtoto, akachukua kalamu na kuandika vema juu ya jibu la kwanza. Alama ya jumla haikubadilika, maana ilikuwa imekwisha kupelekwa. Mtoto hakujali. Alirudi darasani akiwa na karatasi yake.

Mwalimu mmoja amefanya kwa kalamu yake jambo ambalo karatasi ya majibu haikuweza kulifanya. Twamshukuru. Lakini haifai mama aliyekesha akifagia alazimike kwenda shuleni bila kulala ili kazi yake ihesabiwe kuwa kazi. Ndiyo sababu twalisema jambo hili kwa sauti ya wengi.

Umoja ni nguvu.